Safari ya Tukuyu hadi Iringa pamoja na fundi wa ndege wa Vita vya Kagera

Jumapili, kijijini juu ya Tukuyu

Baba Mkubwa alilitumikia jeshi la anga kuanzia mwaka 1971 hadi 1986. Katika kipindi hicho vita vilichukua miezi isiyotimia mwaka mmoja, lakini kila mgeni anayefika nyumbani kwake huanza kwa kuuliza habari za miezi hiyo, na akishajibiwa huaga. Nimekuja kumsindikiza hadi Iringa, ambako anaishi rafiki yake tangu shuleni, fundi mwenzake wa ndege, ambaye sasa miguu haimbebi na hawezi tena kusafiri kuja Rungwe kama alivyozoea. Nimemwomba ruhusa niandike njiani yote atakayopenda kuyasema, yaliyotangulia vita na yaliyofuata, na amekubali kwa sharti kwamba majina yao yasitajwe.

Leo tumekaa nyumbani tukifunga mizigo, kwa kuwa manyunyu hayakukoma tangu alfajiri, kama ilivyo kawaida ya Tukuyu. Mchana alinipeleka kwenye banda la mashine ya kusaga, ambayo ndiyo kazi yake tangu arudi kijijini, pamoja na migomba, chai na miparachichi michache aliyopanda miaka ya karibuni. Ukutani umetundikwa ubao mweupe, na juu yake kila spana, koleo na bisibisi imechorewa umbo lake kwa rangi nyekundu, ili kifaa kikiondolewa pengo lake lionekane hata na mtu anayepita mlangoni. Jioni banda halifungwi mpaka kila umbo lifunikwe. Nilipomuuliza sababu, alinieleza utaratibu wa karakana ya ndege: kila fundi alikuwa na vibao vidogo vya shaba vyenye namba yake, na alipochukua kifaa alitundika kibao mahali pake. Kama kibao kimoja kilibaki ubaoni baada ya kazi, ndege haikuruka, hata kama rubani alikuwa ameshaketi na abiria wamefunga mikanda, kwa sababu spana iliyosahaulika ndani ya bawa au mkiani inaweza kuzizuia nyaya za usukani, na ndege ikiwa hewani hakuna awezaye kuifikia.

Vijana wawili wanaomsaidia kazi hiyo hawajawahi kupanda ndege, lakini wanauheshimu ubao ule. Mmoja aliniambia kwamba kabla ya kufika pale alikuwa akipoteza vifaa kila mwezi na kukatwa ujira, na kwamba sasa anaweza kufungua injini nzima ya dizeli gizani na kuirudisha bila nati kubaki mkononi.

Usiku Mama Mkubwa alitia neno lake, nami naliandika kwa kuwa halimo katika simulizi za wanaume. Mwishoni mwa mwaka 1978 aliondoka kwenye nyumba za askari Dar es Salaam akiwa na watoto wawili wadogo, akarudi kwa wakwe zake hapa Rungwe. Vita alivisikiliza katika redio ya jirani, taarifa za habari za Radio Tanzania. Barua za mumewe zilipofika Posta ya Tukuyu hazikutaja mahali alipo, wala hali ya kazi, ila ziliuliza habari za ng'ombe na kuagiza chai ipaliliwe kwa wakati. Alipalilia yeye, akauza majani mabichi yeye, na ada ya shule ya shemeji yake mdogo aliilipa yeye. Shemeji huyo ndiye baba yangu.

Jumatatu, Kiwira, Uyole na Mbeya mjini

Tuliondoka mapema kwa basi dogo. Kutoka Tukuyu barabara hupanda katikati ya migomba na chai, ikapita Kiwira, kisha ikaingia kwenye baridi ya Isongole ambako viazi mviringo hupangwa kando ya njia kwa magunia. Upande mmoja mlima Rungwe, wenye urefu wa karibu mita 2,960, ulikuwa umefunikwa na mawingu hadi kiunoni. Baba Mkubwa alisema kwamba mlima huo ndio uliomfundisha kuheshimu hali ya hewa, kwa sababu utotoni walichunga ng'ombe chini yake na kurudi au kutorudi kulitegemea kusoma mawingu ya saa nane mchana.

Baba yake, yaani babu yangu, alikuwa miongoni mwa Wanyakyusa wengi waliokwenda kwenye migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini kwa mikataba ya Wenela, wakala wa kuandikisha vibarua wa migodi hiyo, kabla serikali ya Tanganyika haijausitisha uandikishaji huo baada ya uhuru. Mzee huyo aliporudi mara ya mwisho alimchukua mwanawe hadi Mbeya kushughulikia karatasi zake za kazi, na ndiko mtoto alikoiona ndege kwa karibu kwa mara ya kwanza, Dakota ya shirika la Afrika Mashariki, katika uwanja uliokuwa pembeni ya mji na ambao leo umezungukwa na nyumba.

Tulikwenda kuuona uwanja huo. Safari za abiria zilihamia Songwe, nje ya jiji, mwezi Desemba 2012, na Baba Mkubwa alikubali kwamba ilipaswa kuwa hivyo. Alinieleza hesabu yake tukiwa tumesimama kando ya barabara. Mbeya mjini iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na mahali pa juu hewa ni nyepesi. Injini hupata pumzi kidogo, panga boi halishiki vizuri, mabawa nayo hayapati cha kuyabeba mpaka ndege ikimbie zaidi. Jua la mchana likiongezeka hewa huzidi kuwa nyepesi, kwa hiyo ndege ile ile iliyoruka vizuri asubuhi inaweza kuhitaji njia ndefu zaidi ifikapo saa nane. Songwe iko chini kwa mamia ya mita na ina nafasi ya njia ndefu. Siku ile ya utotoni, Dakota ilikimbia hadi akadhani imeshindwa, ndipo ikanyanyuka. Alirudi nyumbani akiuliza swali moja tu, kwa nini ilichelewa kunyanyuka, na hakuna aliyeweza kumjibu mpaka alipoingia jeshini.

Tumelala kwa binamu yetu Mwanjelwa.

Jumanne, kutoka Mbeya hadi Mafinga

Siku ya barabara. Inyala, Igurusi, Chimala, Igawa. Mashamba ya mpunga ya Usangu yalikuwa yameshavunwa, na malori ya kwenda na kutoka Zambia yalitupunguzia mwendo hadi Makambako, ambako reli ya TAZARA hukutana na barabara kuu. Baba Mkubwa alikumbuka kwamba alipokuwa akija likizo miaka ya mwanzo ya sabini, kabla reli haijakamilika, Wachina walikuwa wakichoronga mahandaki upande wa Mlimba, na wakati huo huo Wachina wengine walikuwa wakijenga kambi ya ndege za kivita Ngerengere, mkoani Morogoro. Kijana wa Nyanda za Juu Kusini aliyetaka ufundi wakati huo, alisema, hakukosa mlango wa kubisha.

Tumefika Mafinga usiku, baridi ikiwa kali kuliko ya Mbeya.

Jumatano, Mafinga na Ifunda

Mafinga ndiko alikoanzia ukuruta wa Jeshi la Kujenga Taifa, mwaka 1970. Hatukuingia kambini, kwa kuwa kambi si mahali pa matembezi, bali tuliipita kando na kuendelea hadi kwenye misitu ya misonobari. Alizungumza kuhusu kwata, mchakamchaka wa alfajiri katika umande unaoganda, na shamba la mahindi walilolilima kwa majembe ya mkono. Kuhusu haya hakusema mengi, na mimi sikumsukuma. Nilichokigundua ni kwamba anaihesabu JKT kuwa kilimo alichokuwa ameshakifahamu kwao, ambacho kiliongezewa saa na filimbi.

Ifunda ilikuwa habari tofauti. Tuliposhuka hapo, Baba Mkubwa alitembea kwa haraka kuliko siku zote za safari. Mahali hapa wakati wa Vita Kuu ya Pili palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Poland, walioletwa Tanganyika baada ya kuhamishwa kutoka kwao, na mwanzoni mwa miaka ya hamsini pakawa shule ya ufundi. Yeye na rafiki yake, Mhehe wa upande wa Kalenga, walikutana hapa wakiwa wavulana na kufundishwa kutumia tupa. Anasema kwamba kwa muda mrefu hawakuruhusiwa kugusa mashine yoyote. Walipewa kipande cha chuma kisicho na umbo na kuagizwa wakitie pembe nne sawasawa kwa tupa peke yake, na mwalimu alikipima kwa kukiinua kwenye dirisha akiwa ameweka pembemraba, kile kipimo cha pembe, juu yake. Mwanga ukipenya, unarudia. Kijana aliyeharakisha alirudia mara nyingi kuliko aliyekwenda polepole.

Nilimuuliza kama ni huko Ifunda au ni jeshini alikojifunza subira anayojulikana nayo kijijini. Alijibu kwamba mtu hafundishwi subira, bali hupewa kazi isiyofanyika bila subira, na ndivyo alivyopewa hapa.

Kutoka JKT aliingia Jeshi la Wananchi na akapelekwa Airwing, Ukonga, Dar es Salaam. Kikosi hicho cha anga kilikuwa bado kichanga. Jeshi lenyewe lilianzishwa Septemba 1964, baada ya maasi ya Januari ya mwaka huo. Wakufunzi wa kwanza wa anga walitoka Ujerumani Magharibi, nao wakaondoka kwa mgogoro uliohusu uhusiano wetu na Ujerumani Mashariki, kisha Wakanada wakachukua nafasi yao hadi mwaka 1970. Kwa hiyo alipofika yeye, Wakanada walikuwa wamekwenda, zikabaki ndege zao za mizigo aina ya Caribou, vitabu vyao vya matengenezo, na mafundi Watanzania waliokuwa wamefunzwa nao. Caribou ina injini mbili za pistoni, kila moja ina silinda 14 zilizopangwa kwa duara, na kila silinda ina plagi mbili. Kubadilisha plagi za ndege moja ni kufungua na kufunga plagi 56, na nyingine zimejificha mahali ambapo mkono mnene haupiti. Mkono wake ulikuwa mwembamba, kwa hiyo alizijua zote.

Alinieleza pia jambo la asubuhi. Injini ya namna hiyo ikilala, oili huchuruzika taratibu na kujikusanya katika silinda za chini. Ukiiwasha hivyo hivyo, pistoni hukutana na kimiminika kisichobonyea, na konrodi, fimbo inayoiunganisha pistoni na mhimili wa injini, hupinda au kuvunjika. Kwa sababu hiyo kila alfajiri mafundi walilizungusha panga boi kwa mikono, panga baada ya panga, wakihisi kama kuna mahali panapogoma. Nilimwona akionyesha kwa mikono miwili, pale kando ya uwanja wa shule, na wanafunzi watatu wakasimama kutazama.

Alhamisi, Iringa

Rafiki yake anaishi nje kidogo ya mji, katika nyumba ya matofali ya kuchoma iliyozungukwa na alizeti. Mkewe alitupokea kwa "Kamwene", akatukaribisha ndani, na tukamkuta mzee ameketi kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha, blanketi magotini. Walisalimiana kwanza kijeshi, mmoja akiwa amesimama na mwingine ameketi, kisha wakashikana mikono kwa muda mrefu. Mimi nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kuuliza mimi ni mtoto wa nani, na Baba Mkubwa akamjibu kwa kutaja jina la baba yangu na kusema kwamba nimekuja na daftari.

Yeye hakuwa fundi wa ndege za mizigo. Alipelekwa Ngerengere, akafunzwa ndege za kivita zilizotoka China, na kuanzia hapo njia zao zilitengana, zikaja kukutana Mwanza mwishoni mwa mwaka 1978. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yamevuka mpaka mwishoni mwa Oktoba, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya mto Kagera ni ya Uganda. Siku iliyofuata Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa, akaeleza kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga vyote tunavyo. Wazee hawa wawili hawakuisikia hotuba hiyo ilipotolewa. Mmoja alikuwa chini ya bawa na mwingine alikuwa akipakia.

Kuhusu Musoma nilikuwa nimeamua kutouliza. Mwenye nyumba aliliingia jambo hilo mwenyewe, baada ya chai. Katika siku hizo za mwanzo wa Novemba, ndege zetu tatu za kivita zilizokuwa zikielekea Mwanza zilipita juu ya Musoma, na walinzi wa anga wa upande wetu, wakidhani ni za adui, wakazitungua. Hili limo katika historia ya vita na halina siri. Alichokieleza yeye ni upande wa wanaosubiri. Fundi wa ndege za kivita haendi vitani. Huikabidhi ndege kwa rubani, husaini karatasi kwamba iko salama, kisha husimama na kusikiliza. Anajua muda wa mafuta kuliko mtu yeyote, kwa kuwa aliyajaza yeye. Muda huo ukipita, hakuna haja ya kuambiwa. Siku ile, kabla habari kamili haijawafikia, mafundi walirudi kwenye ubao wa vifaa na kuanza kuhesabu spana upya, kwa sababu fikra ya kwanza iliyomwingia kila mmoja ilikuwa kwamba kosa ni la mikono yake. Vifaa vyote vilikuwepo. Walivihesabu tena. Aliniambia kwamba kwa miaka mingi baada ya kuijua sababu halisi bado aliota akiukuta ubao una pengo moja.

Baba Mkubwa alikuwa ameinama, mikono kati ya magoti. Nadhani alishawahi kuisikia habari hii, lakini hakuwahi kunisimulia, na sasa naelewa kwamba hakuiona kuwa yake ya kusimulia.

Kilichofuata walikisimulia wote wawili, wakikatizana. Walieleza jinsi Mwanza ilivyozimwa taa usiku. Walieleza asubuhi ya tarehe 29 Machi 1979, ndege ya mabomu aina ya Tu-22 ya Libya, iliyokuwa ikimsaidia Amin, ilipokuja kuupiga mji, mabomu yakakosa shabaha na kuangukia kisiwa cha Saanane, kwenye hifadhi ya wanyama, ambako swala kadhaa waliuawa. Baba Mkubwa alieleza kuhusu Caribou zilizopeleka vifaa na kurudi na majeruhi, na kwamba kazi ngumu kuliko injini ilikuwa kuosha sakafu ya ndege kabla ya safari inayofuata, kazi ambayo haikuandikwa katika kitabu chochote cha matengenezo na ambayo mafundi waliifanya kwa zamu bila kupangiwa. Baada ya Entebbe kutekwa, tarehe 7 Aprili, alitua huko na kuuona mzoga wa C-130, ndege ya mizigo ya Libya iliyoteketezwa ilipojaribu kuruka. Alisimama mbele ya injini zake kwa muda, akazitazama namna zilivyofungwa, na akasikitika kwa ajili ya mafundi wake, ambao nao bila shaka walisaini karatasi asubuhi.

Kampala iliangukia mikononi mwetu siku chache baadaye, na kufikia mwanzo wa Juni vita vilikuwa vimekwisha.

Ijumaa, Iringa

Leo niliuliza habari za baada ya vita peke yake, na wazee walionekana kushangaa kidogo, kisha wakafurahi.

Walirudi kwenye nchi iliyoishiwa. Mwalimu alikuwa amewataka wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, lakini miezi hiyo ilipokwisha sabuni, sukari na mafuta ya taa viliendelea kuadimika. Karakana nazo hazikuwa na vipuri vya kutosha. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, mpaka na Kenya umefungwa, na fedha za kigeni zimekwenda kwenye vita. Mafundi walitoa kifaa kwenye ndege iliyolala wakakiweka kwenye ndege inayoruka, na kila walipofanya hivyo waliandika, ili atakayekuja baadaye ajue ndege ipi inaidai ipi. Baba Mkubwa alistaafu mwaka 1986 akiwa sajenti, akarudi Rungwe na sanduku la bati, nishani, na daftari lake la michoro.

Mwaka wa kwanza kijijini, alisema, ulikuwa mgumu kuliko vita. Alikuwa na umri wa kati, hakuwa na cheo cha ukoo, na watu walimwita "mwanajeshi" kwa namna iliyomweka mbali. Vijana walitaka asimulie risasi, wakati hakuwahi kufyatua hata moja vitani. Kilichomrudisha katikati ya watu kilikuwa bomba. Mradi wa maji ya mserereko ulikuwa umekwama kwa sababu hewa ilijifungia kwenye kilele kimoja cha mstari, na wahusika walikuwa wamekata tamaa. Yeye aliutembea mstari wote kwa miguu kuanzia kwenye chanzo, akiweka sikio juu ya bomba kila baada ya hatua kadhaa, mpaka alipopata mahali hewa ilipokaa, akaweka bomba dogo la kuitolea. Maji yalifika siku hiyo hiyo. Tangu hapo alianza kuitwa fundi, na ndilo jina analoitikia mpaka leo.

Rafiki yake alichukua njia nyingine. Alifundisha vijana uchomeleaji hapa Iringa, nyuma ya nyumba hii, na geti nyingi za mtaa huu zimetoka mikononi mwa wanafunzi wake. Wawili kati yao walikuja mchana kumsalimia, wakatukuta. Mmoja ndiye anayemnunulia dawa.

Kabla ya kuagana walibishana kwa muda mrefu kuhusu mpangilio wa kukaza nati za kichwa cha silinda, kila mmoja akitetea kitabu chake, cha Wakanada na cha Wachina, na mwenye nyumba akaniagiza niandike vyote viwili, niache nafasi chini yake ili watakaokuja waongeze. Nimeandika. Tumekubaliana kwamba nitarudi mwezi ujao, kabla ya mvua, nikae naye siku kadhaa, na kwamba yule mwanafunzi wake atatafuta daftari lake la Ngerengere katika stoo, kwa sababu lina michoro aliyoichora mwenyewe.

Jioni tulipita dukani mjini kununua beringi ya mashine ya kusaga, ambayo Tukuyu haikupatikana kwa kipimo chake. Baba Mkubwa aliigeuza karibu na sikio, akairudisha, akaomba nyingine, akaisikiliza, akalipa. Basi la Mbeya linaondoka saa kumi na mbili asubuhi.